Matairi Niliyoyapiga Chapa

Pikapu yetu ilikuwa na nati sita kwa kila gurudumu, na katika miaka ile ya tisini na kitu hakuna binadamu duniani aliyezifungua na kuzifunga mara nyingi kuliko mimi. Nikisema duniani najua ninachosema. Nilizifungua mpaka mkono ukawa unazunguka wenyewe usingizini, mke wangu akahamisha mkeka wake. Bega la kulia lilishuka, la kushoto likapanda, na hadi leo fundi cherehani hunipima kila bega peke yake, kisha anahema.

Kazi yenyewe haikuwa na sifa. Shirika lililoniajiri lilikuwa na yadi Lodwar na ofisi Kakuma, na pikapu hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikipeleka dawa na vitabu vya shule kwenye kambi ya wakimbizi, mara mbili kwa wiki. Katikati palikuwa na kilomita mia moja na ushee za barabara ambayo zamani ilikuwa lami. Nilipoijua mimi, lami ilikuwa imebaki vipande vipande kama ukoko wa ugali sufuriani, na madereva walipita nusu juu yake na nusu kwenye mawe ya kando. Kwa hiyo matairi ya kushoto yaliisha kabla ya ya kulia. Ya mbele yaliliwa kingo kwa kukwepa mashimo, ya nyuma yaliliwa kifua kwa kusukuma mzigo. Usipoyahamisha, moja linabaki kama limetoka dukani jana na mwenzake anaonyesha nyuzi.

Basi kila baada ya safari nne niliyahamisha. Ya mbele yalirudi nyuma upande uleule. Ya nyuma yalikuja mbele kwa kuvukana, la kulia likaenda kushoto. La tano, yaani spea, nalo liliingizwa kazini ili lile lililochoka kuliko yote lipande juu ya gari likapumzike. Nililionea wivu. Katika yadi nzima, tairi pekee ndilo lililokuwa na zamu ya kupumzika.

Gari lilirudi kutoka Kakuma saa saba mchana, saa ambayo Lodwar hata kivuli kinatafuta kivuli. Jeki tulikuwa nayo moja. Ukiiweka kwenye mchanga inazama yenyewe badala ya kuinua gari, kwa hiyo unaiwekea ubao, ubao nao unazama, unauwekea jiwe. Rimu ilikuwa ya moto kiasi kwamba ungeweza kuoka chapati juu yake, na nati zilikuwa zimekaza kama meno ya mamba. Nikimaliza la nne, la kwanza lilikuwa limeshaanza kuisha tena. Ndivyo nilivyoona mimi, na sikuwa na nguvu za kubishana na macho yangu.

Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilijua kuandika. Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo ya ngumbaru, shule ya watu wazima, pale Kanamkemer, jioni baada ya kazi, katika madawati ya watoto wa chekechea, magoti yakigusa masikio. Nilipopata cheti nilikitembeza mji mzima. Nadhani hata mbuzi wa sokoni walikiona. Madam wa usafiri, mama kutoka nyanda za juu aliyekaa ofisi ya Kakuma, alitaka mtu wa kujaza daftari la matairi: lipi lilikuwa wapi, limehamia wapi, lini. Nikasema huyo ni mimi.

Ugumu ukawa ni kuyatambua. Matairi matano meusi yanafanana kama matone ya chai. Niliandika herufi kwa chaki, zikafutika kabla gari halijatoka langoni. Nikapaka rangi, mchanga ukaila. Daftari langu likawa linasema tairi B liko mbele kulia, na mimi nasimama mbele kulia nikijiuliza huyu ni B au ni mgeni.

Mimi ni mtu wa upande wa Lokitaung. Kwetu ukoo na chapa ya mnyama ni neno moja. Nilikua nikimwona baba akichoma ngamia kwa chuma, na mnyama akipotea miaka mitatu kisha akaonekana kwenye zizi la watu wengine, chapa inasema yenyewe, hakuna kesi. Nikawaza: kama alama inakaa kwenye ngozi ya ngamia mpaka anakufa kwa uzee, itashindwa vipi na mpira? Nikachukua kipande cha nondo, nikakitia kwenye jiko la makaa mpaka ncha ikawa nyekundu, nikaandika ubavuni mwa kila tairi herufi ndefu kama kiganja. A, B, C, D, E. Niliandika kwa mwandiko mzuri. Mwalimu wangu angelia.

Dereva alikuja akasimama nyuma yangu. Alikuwa mzee wa Lodwar, mwembamba, tumbaku shavuni, mtu aliyeendesha magari tangu mimi nikichunga. Mwendo wake ulikuwa wa pole hata ngamia mwenye mimba alitupita akitutazama kwa huruma. Aliniita Profesa tangu siku ya cheti.

"Profesa, unachoma tairi?"

"Ndiyo mzee. Haitapotea tena."

"Ngamia ukimchoma analia. Hii inasema nini?"

"Haisemi kitu, mzee."

"Ndiyo nauliza," akasema, akatema tumbaku, akaenda zake.

Nilicheka. Nilikuwa na cheti, yeye hakuwa nacho.

Miezi miwili baadaye tairi la kwanza likapasuka, nyuma kushoto, gari likirudi kutoka Kakuma na mzigo wa madebe matupu. Wiki tatu zikapita, likapasuka la pili, mbele kulia safari hii, na mzee akapambana na usukani mpaka gari likasimama kwenye kichaka cha miiba. Mara zote mbili sikuwepo. Na mara zote mbili, aliporudi Lodwar, alirudi na rimu tupu. Hilo halikumshangaza mtu. Kwenye barabara ile tairi lililopasuka lina mwenyewe kabla vumbi halijatulia: mchungaji wa kwanza kufika ndiye wake. Anakuja na kisu, analikata palepale, na jioni nusu ya ukoo wake wamevaa akala, ndara mpya za mpira wake. Hakuna dereva aliyekuwa akikataa. Ungemkataa leo, kesho ukikwama bila maji ungemwomba nani?

Kwa hiyo hakuna aliyeyachunguza. Yalikuwa yameshaondoka kwa miguu, yakichunga mbuzi. Mimi niliandika A na B zimekufa, nikapokea mawili mengine, nikayachoma F na G, nikaendelea na zamu zangu.

Kama yangekuwa yanapasuka pahali pamoja, mtu angesema ni springi, au ni ekseli. Lakini leo nyuma kushoto, kesho mbele kulia. Madam alisoma daftari langu, lililokuwa safi kuliko Biblia, akafikia jibu ambalo hata mimi ningefikia: gari halina ubaya, matairi yanahamishwa kwa wakati wake, basi ubaya ni wa dereva. Haoni tena mawe. Aliandika barua, mzee akaniletea nimsomee. Tulisimama kando ya tangi la maji. Barua ilisema likipasuka la tatu atakabidhi ufunguo na kwenda kulinda lango la Lodwar.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Lango," akasema. "Mimi nikae nifungulie watu mlango?"

"Mzee, pengine halitapasuka."

Kuanzia siku hiyo alianza kuendesha kama mtu aliyebeba mayai ya dunia nzima. Alishika usukani kwa mikono miwili, pua karibu iguse kioo, na kila jiwe lililokuwa kubwa kuliko kokwa la mkoma alilizunguka. Alikuwa akishuka kwenye gari shati limeloa mpaka mkanda, anakaa chini palepale anaposhuka. Uso wake ulikonda. Mimi nilimwonea huruma kutoka upande wangu wa jeki, nikafanya nilichojua kufanya: nikazidisha bidii. Sasa niliyahamisha matairi kila safari mbili. Nati arobaini na nane ambapo zamani zilikuwa ishirini na nne. Nilikuwa nikienda nyumbani siwezi kufunga ngumi, mke wangu ananikatia ugali kama mtoto.

Kisha Madam akaagiza niende na mzee safari moja nimtazame anavyoendesha na niandike. Nilipanda na daftari. Mzee aliliona, akaangalia mbele.

Wakati ule, kwa sababu ya majambazi wa njiani, hukuweza kwenda Kakuma peke yako. Magari yalikusanyika asubuhi, askari wakakaa mbele na nyuma, tukaondoka kwa mstari kama siafu. Mbele yetu kulikuwa na lori la vitunguu na sukari, na nyuma yetu kanta, lori dogo, ya mfanyabiashara mmoja wa Sudan kutoka kambini, jitu refu lenye sauti ya tarumbeta, aliyekuwa akijua kila mtu na kumtania kila mtu. Kwa saa mbili sikuwa na la kuandika. Mzee aliona mashimo ambayo mimi mwenyewe, kijana, sikuyaona mpaka tulipoyapita. Niliandika: anaona. Nikaongeza: sana.

Tulikuwa kwenye sehemu tambarare, hakuna jiwe, hakuna shimo, mwendo wa mkokoteni, pale tuliposikia mlio kama bunduki. Askari wa mbele waliruka chini na kulala kifudifudi. Gari likainama upande wangu.

Mzee alizima injini. Hakushuka. Aliweka mikono yote miwili mapajani akaiangalia.

"Hiyo ni ya tatu," akasema.

Afande mmoja alikuja anajipangusa vumbi kifuani, hasira imemjaa. "Nani amepasua? Mzee, ni wewe? Unataka nipige mtu risasi bure?"

"Si yeye, afande, ni tairi," nikasema.

"Tairi inaendeshwa na nani? Na bibi yangu?"

Mwenye kanta akatoa kichwa dirishani, akaniita kwa Kiarabu chao. "Ya Profesa! Fungua haraka, kitunguu ya huyu mbele inaoza! Ama tukusomee cheti yako ndiyo nati itoke yenyewe?"

Watu wakacheka. Nikashuka na jeki na ubao. Gurudumu la mbele kushoto. Kwa kuwa mzee alikuwa polepole kiasi kile, tairi halikuchanika vipande. Lilikaa kwenye rimu zima, mdomo wazi ubavuni. Nikapiga magoti nifungue nati ya kwanza, uso wangu ukawa sawa na ule mdomo.

Ulikuwa umefuata herufi. Ilikuwa C. Mpira ulikuwa umepasuka kwa mpinde mzuri kabisa, kuanzia nilipoweka ncha ya nondo mpaka nilipoiinua, kama mtu aliyekata kwa kufuata mstari wa chaki. Ndani ya ufa nyuzi zilikuwa zimeungua, kavu, zinavunjika kwa kidole. Nikageuka nikatazama nyuma kushoto. F. Kwenye mkia wa F kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikazunguka gari kwa magoti, kweli kwa magoti, nikihesabu. E ilikuwa na ufa. G ilikuwa imeanza kuvimba. D, iliyokuwa juu ikipumzika, nayo ilikuwa na ufa wake.

Sijui kama kuna mtu amewahi kuchoka kwa ghafla. Mimi nilichoka pale. Si uchovu wa mgongo, huo tulishazoeana. Nilikaa kwenye mchanga wa moto na spana mkononi na sikuweza kukumbuka nati inafunguliwa upande gani. Nilikuwa nimeyachoma mimi. Kisha nikayahamisha, kwa wakati, kwa bidii, kila jeraha likapata zamu ya kila kona ya gari, mpaka asiweze mtu yeyote kuona linatoka wapi.

"Profesa amelala!" yule wa kanta akapaza sauti.

Nikafungua. Nikaweka D mahali pake, kwa sababu hapakuwa na jingine, nikijua ninaweka nini. Nilipomaliza, C lilikuwa limelala kwenye changarawe, na kando yake alikuwa amesimama mtu mwenye shuka begani na kile kigoda kidogo cha kulalia kichwa mkononi. Sikumwona akija. Kwenye tambarare ile ungemwona panya kutoka Kalemng'orok, lakini mchungaji wa akala humwoni akija.

"Ejok," akasema, akinisalimu kwa lugha yetu.

"Ejok."

"Hiyo mmeacha."

Hakuuliza. Ndivyo ilivyo. Alikuwa tayari ameshachuchumaa, ameshaliweka goti juu yake, kisu kimetoka. Angekata ubavu kwanza, autupe huko, achukue kifua. Dakika tano. Herufi ingebaki kipande cha mpira kwenye vichaka, na mbuzi angeitafuna. Madam angepata rimu tupu kama mara mbili za kwanza. Mzee angekwenda langoni. Mimi ningekwenda Lodwar, nichukue matairi mapya nisiyachome tena, na daftari langu lingebaki safi. Nilikuwa na wake na watoto wa kulisha. Mke mmoja, lakini alikuwa anakula kwa wawili siku zile.

Nilisimama hapo muda mrefu. Mimi naona kama ilikuwa mwaka, ila injini za msafara zilikuwa zinawashwa tu.

"Hapana," nikasema. "Hii naenda nayo."

Yule mtu akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Imepasuka."

"Najua."

"Unaenda kufanya nini na kitu imekufa?"

"Ni ya ofisi."

"Ofisi inavaa akala?"

Mzee akatoa kichwa dirishani. "Mpe mtu yake!" akanifokea. "Unataka tulaaniwe tena juu ya hii yote? Mpe!"

Nikalivuta tairi kutoka chini ya goti la mtu. Sijawahi kufanya jambo la aibu namna ile mbele ya watu wengi. Yule mchungaji hakugombana. Alirudisha kisu, akatema mate kando ya mguu wangu, akasema kwa utulivu kwamba ameshaona wachoyo wa mbuzi, wachoyo wa maji, hata wachoyo wa mke, lakini mchoyo wa takataka ndio anamwona leo. Kanta nzima ikapiga makofi. Nikalipakia C nyuma juu ya katoni za vitabu na tukaenda. Tuliendelea mpaka Kakuma mimi nikiwa kama nimekalia makaa ya moto, nikisikiliza D chini yangu.

Ofisini nililibingirisha mpaka mbele ya meza ya Madam. Mzee alikuwa mlangoni, ufunguo tayari mkononi, ameunyoosha kama mtu anayetoa sadaka.

"Pole, mzee," Madam akaanza. "Nilikuwa nimeandika kwamba…"

"Madam, ngoja," nikasema. "Angalia hapa kwanza."

Nikamwonyesha mpinde. Nikaweka kidole changu mwanzo wa herufi nikakipitisha mpaka mwisho, na kidole kikapita ndani ya ufa njia yote. Nikamwambia kuhusu jiko na nondo. Nikamwambia A na B ni hivyo hivyo bila shaka, na mengine manne yaliyo nje yatafuata. Nilitaka kueleza ya baba na ngamia, nikaona sina nguvu.

"Ulichoma," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Na moto."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani, jamani?"

"Ili daftari liwe sawa."

Alifunga faili. Akasema kitu cha Kiingereza ambacho ngumbaru haikufundisha. Akamgeukia mzee. "Weka ufunguo mfukoni." Kwangu akasema sitagusa gurudumu tena isipokuwa kuyabadilisha yale manne, na kwamba kuanzia sasa mimi ni wa kupakia na kupakua. Daftari akalibakiza.

Nilidhani mzee angenishukuru. Hapo nikubali nilikuwa mjinga, nilidhani kabisa. Tulipotoka nje alinishika shati kwa mbele, yeye mwembamba vile, akanisukuma ukutani.

"Nilienda hospitali," akasema. "Kupima macho. Wakaniambia iko sawa. Mimi nikasema hawa wanadanganya mzee. Nikaenda tena. Nimeambia mke wangu mimi ni kipofu, tuuze ile mbuzi tutafute miwani. Sipati usingizi, naona mawe tu. Na wewe uko pale chini, unazungusha, unazungusha."

"Sikujua, mzee."

"Ungejua ungeniambia?"

"Nimekuambia leo."

"Umeambia yeye," akasema, akaniachia. "Mimi hujaniambia."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa naye kwenye gari kutoka pale tairi lilipopasukia mpaka Kakuma, bega kwa bega, na sikusema neno.

Tulikaa Kakuma siku nne tukingoja matairi ya kuazima. Nililala kwenye veranda ya stoo, yeye akalala ndani ya gari, na tulikula kwenye hoteli moja ya Wasudan meza mbili tofauti, ingawa hoteli ilikuwa na meza tatu tu. Matairi yalipokuja niliyafunga mwenyewe, kwa mara ya mwisho, jua la saa saba. Nati ishirini na nne. Alisimama juu yangu muda wote, na kila nati niliyoikaza aliijaribu kwa mkono wake baada yangu.

Tuliporudi na msafara, aliendesha mkono mmoja, kiwiko dirishani, tumbaku shavuni. Mashimo aliyaona mapema akayapita bila kujisumbua, na mengine nadhani aliyaingia makusudi, upande wangu. Mbali kidogo na Lodwar tulikuta laga moja, mto wa mchanga wa msimu, imeteremka maji, rangi ya chai ya maziwa, magari ya mbele yamesimama.

"Wewe ni wa kupakia sasa," akasema. Hakuniita Profesa. "Shuka upime maji."

Nikavua viatu, nikaingia. Maji yalifika magotini, kisha mapajani, kisha yakapungua. Nilifika ng'ambo, nikageuka kumpungia mkono aje. Alikuja, polepole, kwa njia niliyoipita mimi hatua kwa hatua, akapanda ukingo, akanipita nilipokuwa nimesimama, akaendelea. Alisimama mbali, karibu nusu kilomita, mimi ningesema hata mbili. Nikaanza kutembea na viatu mkononi. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikangoja hapo, mkono kwenye bati la moto, mpaka alipoinama akaufungua.